Birkenstock ilishindwa kesi, haikupoteza kiatu

Tarehe 20 Februari 2025, Mahakama ya Shirikisho ya Ujerumani iliyoko Karlsruhe, ngazi ya juu kabisa kwa kesi za madai nchini humo, ilitamka kwamba sandali za Birkenstock si kazi za sanaa na hazistahili ulinzi wa hakimiliki. Kampuni ilikuwa imewafikisha mahakamani washindani watatu waliokuwa wakiuza viatu vinavyofanana na vyake, ikitaka biashara hiyo isitishwe na mizigo iliyokwisha kusambazwa irudishwe na kuharibiwa. Mahakama ya Köln ilikuwa upande wake mwanzoni, mahakama ya rufani ya mjini humo ikakataa, na Karlsruhe ikafunga mlango. Tangu hapo hukumu hiyo inasimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaoisoma kama msiba wa kibiashara: eti kila mwenye mashine ya kukata ngozi sasa ana ruhusa ya kula jasho la familia iliyoshona viatu tangu karne ya 18. Na wapo walioipokea kwa kicheko, maana nani asiyejua kwamba viatu hivi havina sura?

Naona wote wamepiga pembeni. Hukumu ile haikugusa kitu kilichoijenga kampuni hii. Kilichoijenga ni wazo kuhusu unyayo wa binadamu, wazo ambalo familia yenyewe ilizunguka ikilifundisha kwa yeyote aliyekubali kusikiliza. Zaidi ya hapo, kesi ilibeba mgongano ambao wakili hodari kiasi gani asingeuficha: huwezi kuwaambia wateja kwa vizazi vitatu kwamba umbo la kiatu chako limeamuliwa na mguu, kisha ukawaambia majaji kwamba liliamuliwa na msanii. Mwandishi huyu anavivaa viatu hivyo, kwa hiyo msomaji apime ushahidi wake kwa tahadhari.

Kumbukumbu za kanisa la Langen-Bergheim, kijiji cha jimbo la Hesse, zinamtaja Johann Adam Birkenstock kama mshona viatu mwaka 1774, na kampuni hupenda kuianzia hadithi yake hapo. Ni mwanzo mzuri kwa matangazo lakini hauelezi chochote. Ulaya ya wakati ule ilijaa washona viatu. Jambo lenye uzito lilikuja zaidi ya karne moja baadaye, kwa Konrad Birkenstock, aliyefungua maduka mawili ya viatu mjini Frankfurt mwaka 1896. Konrad alisumbuliwa na kasoro ambayo mafundi wenzake waliiona kila siku bila kuitilia maanani: viatu vya viwandani vilikuwa tambarare kwa ndani, ilhali unyayo si tambarare. Kisigino ni cha mviringo, upande wa ndani kuna tao, na nyuma ya vidole kuna tao jingine dogo. Alianza na kalibu iliyofuata umbo hilo, na kufikia mwaka 1902 alikuwa ameunda soli ya ndani inayopindika, ya kuingizwa katika kiatu cha kiwandani ili kiweze kuubeba mguu. Enzi hizo mwenye maumivu ya miguu alipewa vihimili vigumu vya chuma. Jipya lilikuwa kufikiri kwamba kihimili kinaweza kuwa laini na kuifuata hatua ya mtembeaji.

Tazama alichofanya na ugunduzi huo. Hakuufungia kabatini. Kwa miaka mingi alizunguka Ujerumani, Austria na Uswisi akihutubia mabingwa wa ushonaji viatu, akiwapa leseni za kutengeneza viatu kwa utaratibu wake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitengeneza viatu vya tiba kwa askari waliojeruhiwa. Mwanawe Carl aliendeleza ualimu huo: kuanzia miaka ya 1930 aliendesha kozi kwa mafundi na wauza viatu, na mwaka 1947 akachapisha kitabu kilichoeleza mfumo wake wa utunzaji wa miguu. Kwa takriban miaka 60, basi, familia hii iliishi kwa kuuza kitu ambacho mpita njia asingeweza kukiona, kwa sababu kilikuwa ndani ya kiatu cha kampuni nyingine. Birkenstock haikuwa na sura mbaya wala nzuri. Haikuwa na sura kabisa. Ni jambo la kulikumbuka tutakapofika kwenye hoja za kisheria.

Sura ilikuja na Karl, wa kizazi kilichofuata. Soli ya ndani iliyojengwa vizuri ina unene, inataka nafasi, na viatu vya mtindo vilivyobanwa mbele havikuwa na nafasi hiyo. Karl aliamua kuacha kutafuta kiatu cha kuibeba soli. Akaigeuza soli yenyewe kuwa kiatu. Mwaka 1963 alitoa sandali yenye mkanda mmoja na bizimu, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Madrid, akaiuza kama kiatu cha mazoezi: mkanda ulikuwa mmoja tu, hivyo vidole vililazimika kushika kila unapopiga hatua, na misuli ya mguu ikafanya kazi. Arizona ya mikanda miwili ikafuata mwaka 1973, Boston iliyofunikwa mbele mwaka 1976, Gizeh ya kutenganisha kidole gumba mwaka 1983. Vyote vimesimama juu ya tabaka zilezile: gome la mwaloni lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, likisagwa na kuchanganywa na utomvu wa mpira, juti chini na juu yake, na ngozi laini inayogusana na mguu. Ukivivaa kwa wiki kadhaa, mchanganyiko huo hubonyea kufuata mguu wako na kiatu hicho hakitamfaa tena mtu mwingine. Wateja wa mwanzo walikuwa watu wanaosimama kazini siku nzima, hasa wauguzi na madaktari. Wafanyabiashara wa viatu walivicheka.

Walivicheka Marekani pia. Margot Fraser, mshona nguo mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akiishi California, alikutana na sandali hizi mwaka 1966 alipokuwa Ujerumani, maumivu yake ya miguu yakapungua, naye akaanza kuziagiza na kuziuza kutoka Santa Cruz. Maduka ya viatu yalimkatalia. Wanawake, aliambiwa, hawawezi kuvaa kitu kama hicho. Akaenda kwenye maduka ya vyakula vya asili, ambako wenye maduka walisimama kaunta kutwa na walijua miguu inavyouma. Nadhani hiki ndicho kipande cha historia hii ambacho wachumi wangepaswa kukitazama kwa makini zaidi. Kiatu hiki kilisambaa katika soko kubwa kuliko yote duniani bila sura yake kukisaidia hata kidogo. Kwa hakika sura ilikuwa mzigo. Aliyenunua alinunua licha ya kuangalia.

Turudi Karlsruhe. Wanaodhani majaji walikaa wakajadili kama Arizona ni nzuri au mbaya hawajaifuata kesi. Sheria ya hakimiliki haina kipimo cha uzuri. Picha mbaya kabisa iliyochorwa jioni moja inalindwa sawa na ile iliyo makumbusho. Mahakama iliuliza swali jingine: je, kulikuwa na nafasi ya kuchagua kwa uhuru, na je, nafasi hiyo ilitumika kwa namna inayoonyesha upekee wa aliyebuni? Pale ambapo umbo linaamuliwa na mahitaji ya kiufundi, kanuni au vikwazo vingine, hakuna ubunifu huru wa kulindwa, na ufundi safi unaotumia maumbo yanayojulikana haufiki kiwango hicho. Mahakama za chini zilikuwa zimepima ushahidi, na ile ya rufani haikuona kwamba nafasi iliyokuwepo ilitumika kisanaa. Karlsruhe haikukuta kosa katika upimaji huo. Hukumu hii, kwa hiyo, inaweza kusomwa kama sifa kwa fundi: kiatu kiko hivyo kwa sababu mguu uko hivyo.

Upande wa pili nao una hoja, na kuna moja ambayo si ya kupuuzwa. Kwamba soli ya ndani ilifuata mguu, sawa; lakini mguu haukuagiza kila kitu. Haukuagiza bizimu ziwe kubwa vile, wala ukingo wa soli ubaki wazi bila kufunikwa, wala mikanda iwe mipana na mizito katika enzi ambayo viatu vya wanawake vilikuwa vyembamba. Mtu mwingine akipewa soli ileile angeweza kutoa sandali kumi tofauti. Hoja hii ina nguvu zaidi kwa sababu Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2020, katika kesi ya baiskeli ya kukunja ya Brompton, kwamba kifaa ambacho umbo lake linahitajika ili kifanye kazi bado kinaweza kupata hakimiliki, mradi umbo hilo linaakisi uchaguzi huru wa mbunifu. Kama baiskeli inaweza kupewa nafasi hiyo, kwa nini sandali inyimwe?

Nimeipima hoja hiyo mara nyingi, na bado naona inakwama mahali pamoja. Brompton haikusema kila kifaa kilichochaguliwa kati ya vingi ni kazi ya sanaa. Ilisema tu kwamba ufundi peke yake haukufungii mlango. Mwenye kudai bado anapaswa kuonyesha mkono wa msanii, na hapa ndipo Birkenstock ilipokutana na kumbukumbu zake yenyewe. Ukingo ulioachwa wazi ni rahisi na nafuu kutengeneza. Bizimu humruhusu mvaaji kurekebisha mkanda kadiri mguu unavyovimba mchana. Mkanda mpana hausugui ngozi kama mwembamba. Kila kipengele ambacho wakili angetaka kukiita tamko la kisanaa, fundi ana maelezo yake ya kawaida kabisa, na maelezo hayo ya fundi ndiyo ambayo kampuni imeyatumia kuuza viatu tangu mwanzo. Kutembea kama maumbile yalivyokusudia: huo ndio wimbo wao. Umaarufu wa baadaye hauwezi kurudi nyuma ukageuza uamuzi wa kiwandani wa mwaka 1973 kuwa uamuzi wa sanaa.

Kisha kuna suala la muda, ambalo mjadala wa magazeti umelipita haraka. Hataza, yaani ulinzi wa uvumbuzi wa kiufundi, hudumu miaka 20. Ubunifu wa umbo la bidhaa, ukisajiliwa Ulaya, hulindwa kwa muda usiozidi miaka 25. Hakimiliki hudumu maisha yote ya aliyebuni na miaka 70 baada ya kifo chake. Watunga sheria hawakuweka pengo hilo kwa uzembe. Walijua kwamba kukifungia kitu cha matumizi kwa karne nzima kunawagharimu watu wote wanaokihitaji, wakati kufungia shairi kwa karne nzima kunawagharimu wachache. Sandali ya mwaka 1963 iliyopewa hakimiliki ingekuwa imefungwa mpaka sehemu ya mwisho ya karne hii, pengine zaidi. Kila kampuni yenye bidhaa ya zamani iliyopendwa ingejipanga foleni kuomba ulinzi uleule baada ya ule mfupi kuisha. Mikanda miwili juu ya soli nene ni umbo ambalo wengi wangeweza kulifikia, na sioni sababu ya kulikabidhi kwa mmoja.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa zaidi: kwamba bila ulinzi huu waigaji wataimaliza kampuni, na mwenye wazo jipya kesho hatakuwa na sababu ya kuhangaika. Historia niliyoisimulia inaikataa. Sandali za kuiga zimekuwepo madukani kwa miongo mingi, na katika kipindi hichohicho Birkenstock imekua badala ya kufifia. Mwaka 2021 familia iliuza sehemu kubwa ya umiliki kwa L Catterton, kampuni ya uwekezaji inayohusiana na wamiliki wa LVMH, kundi la Ufaransa la bidhaa za anasa. Oktoba 2023 hisa ziliingia soko la New York kwa dola 46 kila moja. Siku ya kwanza zilifunga zikiwa dola 40 na senti kidogo, na wengi wakasema bei ilikuwa ya juu mno, lakini mauzo hayakuyumba: katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2024 yalifika takriban euro bilioni 1.8, kutoka karibu bilioni 1.5 mwaka uliotangulia. Yote hayo bila hakimiliki iliyothibitishwa Karlsruhe. Waliolipia hisa walilipia jina, viwanda, na tabia ya wateja ya kurudi.

Asiyetosheka na mfano mmoja amtazame Crocs, mpinzani asiyefanana naye kwa lolote isipokuwa starehe ya mguu. Kiatu chake cha povu kilionyeshwa kwa umma kwenye maonyesho ya boti ya Fort Lauderdale, Florida, mwaka 2002. Kampuni ilikuja kusajili umbo lake Ulaya mwaka 2004, na kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuonekana na kuuzwa zaidi ya miezi 12 kabla, usajili ukabatilishwa. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ikathibitisha ubatilisho huo. Wakati huo nao waandishi walitabiri mafuriko ya viatu vya kuiga. Mwaka huohuo wa 2018 Crocs iliuza bidhaa za takriban dola bilioni 1.1. Mwaka 2021 iliuza za zaidi ya dola bilioni 2.3. Sisemi kupoteza usajili kuliisaidia. Watu walikaa nyumbani wakati wa janga la korona na wakataka viatu laini, na kampuni ilijua kuutumia wakati huo. Ninachosema ni kwamba madhara yaliyotabiriwa hayakuonekana.

Hii haina maana kwamba wanaoumizwa na uigaji wanalia bure. Kuna tofauti kati ya kiatu kinachofanana kikiwa na jina la mtengenezaji wake, na kiatu feki kinachobandikwa jina la Birkenstock ili kumdanganya mnunuzi. Cha kwanza ni ushindani. Cha pili ni utapeli, na sheria ya alama za biashara inakishughulikia bila kuhitaji kuuliza maswali ya sanaa. Kampuni yenyewe ilionyesha inajua uzito wa jambo hili ilipoacha kuuza kupitia Amazon nchini Marekani kuanzia mwaka 2017 kwa sababu ya bidhaa feki, uamuzi uliokuwa na gharama. Pia imejaribu kupanua ulinzi wa alama hadi kwenye michoro ya mawimbi iliyo chini ya soli zake, na mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaikatalia. Ukiweka kesi hizi pamoja unaona mkakati: kugonga kila mlango wa sheria ambao unaweza kufunguka. Siwalaumu, ndiyo kazi ya wanasheria wa kampuni yenye wanahisa. Lakini milango hiyo yote inaelekea kwenye sura ya kiatu, na hakuna hata mmoja unaoelekea ndani yake.

Na hapo ndipo ninapoona hatari halisi, ambayo mahakama haikuileta wala haiwezi kuiondoa. Tangu Oliver Reichert aingie kwenye uongozi mwaka 2013, akiwa kati ya wakuu wa kwanza kutoka nje ya familia, kampuni imejenga jina katika ulimwengu wa mitindo kwa ustadi mkubwa: ushirikiano na Dior, na Manolo Blahnik, kisha filamu ya Barbie ya mwaka 2023 ambayo Arizona ilipata nafasi ndani yake. Mapato yamefuata. Sambamba na hayo kuna Arizona zilizofinyangwa kwa povu la EVA, aina ya plastiki laini, nyepesi na za bei ya chini, zenye mabonde na matao ya soli ya zamani lakini bila gome wala utomvu wala ule ubonyevu unaomfuata mvaaji. Kadiri mauzo yanavyoegemea watu wanaotaka kuonekana na kiatu hiki, ndivyo kampuni inavyosimama kwenye uwanja ambao Karlsruhe imesema ni wa wote. Anayenunua kwa ajili ya sura anaweza kuridhika na sura ileile kwa robo ya bei. Anayenunua kwa sababu kisigino chake kiliacha kuuma hatajaribu bahati kirahisi, na huyo hajawahi kuhitaji hukumu yoyote ili abaki.

Ndiyo maana nadhani anayetaka kujua mustakabali wa Birkenstock atumie muda mchache kwenye uchambuzi wa hakimiliki na muda mwingi kwenye taarifa za uzalishaji. Kampuni iliwaambia wawekezaji, ilipoingia sokoni, kwamba zaidi ya asilimia 95 ya bidhaa zake huunganishwa Ujerumani, na mwaka huohuo wa 2023 ilifungua kiwanda kipya Pasewalk, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo. Hiyo ni gharama ambayo mwigaji haibebi na hawezi kuibeba kwa bei anayouzia. Ikiwa asilimia hiyo itashuka, au sehemu ya povu katika mauzo ikapanda mpaka soli ya gome ikawa bidhaa ya wachache, hapo waigaji watakuwa wamepata kile ambacho majaji hawakuwapa.